Neno "Nembo": Maana Yake na Asili Yake

Mwalimu mmoja wa shule iliyo juu ya uwanda wa Makonde, upande wa Newala, ametuletea swali ambalo twaona lastahili kujibiwa mbele ya wasomaji wote, wala si kwa barua peke yake. Asema kwamba siku moja alikuwa akifundisha habari za Nembo ya Taifa: ngao, mwenge, shoka na jembe, na mwanamume na mwanamke walioshika pembe za ndovu, wakisimama juu ya mlima Kilimanjaro. Akauliza watoto wamewahi kuona nembo wapi. Mmoja akasema sarafuni, mwingine akasema ukutani katika ofisi ya kijiji. Mtoto wa tatu akainuka akasema, "Mwalimu, bibi yangu ana nembo usoni." Darasa zima likacheka. Mtoto akaketi, na kesho yake hakuja shuleni.

Mwalimu auliza: je, mtoto yule alikosea neno? Na kama hakukosea, imekuwaje neno moja liwe la uso wa bibi mzee na la karatasi za Serikali?

Jibu la swali la kwanza ni fupi. Mtoto hakukosea hata kidogo. Nembo ya uso ni ya kale kuliko nembo ya karatasi, nayo ndiyo iliyoipa ile ya karatasi jina lake. Lakini swali la pili lataka maelezo marefu, nasi tutajaribu kuyatoa, maana ndani yake mna jambo linalowahusu wazee wetu wengi walio hai hata leo, huku Newala na kule Masasi pia.

Kwanza yatupasa kuyatenga maneno, kwa kuwa siku hizi watu huyachanganya. Kovu ni alama inayobaki baada ya jeraha kupona. Mtu huangukiwa na shoka, huungua moto, hupatwa na kidonda kibaya, na akipona ngozi hairudi kama ilivyokuwa. Hakuna atafutaye kovu, humjia. Chale ni kitu kingine. Chale ni mkato mdogo uchanjwao kwa kusudi, kwa wembe au kisu, na mara nyingi ni wa dawa: mtu akiumwa kifua huchanjwa chale kifuani na dawa hupakwa pale penye damu. Chale hizo zikipona huacha alama ndogo, wala hapana aziangaliaye. Tena wako watu wa pwani wasemao toja na kutoja, lakini maneno hayo wengi wa bara hawakuyazoea, nasi tutayaacha.

Nembo si kovu, wala si chale tu. Nembo ni umbo. Ni mistari iliyopangwa usoni au mwilini na fundi aliyejua apangavyo, ili watu wakiona wajue. Kamusi ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1939, ambayo wengi huiita kamusi ya Johnson, yalifasiri neno hili kwa maana ya alama ya kabila ichanjwayo katika mwili. Basi kila nembo ya mwili hufanywa kwa chale, lakini si kila chale ni nembo, kama vile kila barua huandikwa kwa wino lakini si kila tone la wino ni barua.

Sisi wenyewe tumewahi kulikosea jambo hili, na ingawa twaona haya kulisimulia, litawafaa makarani wenzetu. Tulikuwa katika kijiji kimoja tukiandika majina ya wazee, na katika fomu palikuwa na nafasi ya alama ya kumtambulisha mtu. Akaja bibi mmoja, mzee sana, ana mistari mashavuni na katika paji la uso, imepangwa pembe juu ya pembe, sawasawa kabisa kulia na kushoto. Tukaandika, "Makovu usoni." Kisha, kama ilivyo desturi, tukamsomea yaliyoandikwa ili aseme kama ni kweli. Alipofikia neno lile akatuzuia kwa mkono.

"Mjukuu wangu," akasema, "kovu ni la mtu aliyeanguka. Mimi sikuanguka. Hii ni nembo, na mama yangu aliilipia."

Tulikata neno la kwanza tukaandika la pili. Yaliyofuata tutayaeleza mwishoni.

Neno lake kwamba nembo ililipiwa ni la kweli, kwa kuwa kazi hii ilikuwa na mafundi wake. Si kila mwenye kisu aliyeweza kuifanya. Fundi alitumia kisu kidogo chenye ncha kali, akapasua ngozi kidogo kidogo kwa kufuata mstari, akafuta damu, kisha akasugua mkaa uliosagwa katika mikato. Wamakonde wa ng'ambo ya Ruvuma walitumia masizi ya mbarika. Weusi ule hukaa chini ya ngozi, na ngozi ikipona mstari huonekana kwa rangi ya samawati iliyoiva, karibu na nyeusi. Wakitaka mstari uinuke, mkato ulirudiwa mara kwa mara. Madaktari waeleza kwamba ngozi inapopona hutengeneza nyuzi za kuziba pengo, na kwa watu wengine, hasa wenye ngozi nyeusi, nyuzi hizo huweza kuzidi kipimo hata nyama ikavimba na kubaki juu. Mafundi wa zamani hawakusoma vitabu vya udaktari, lakini jambo hilo walilijua vizuri kwa mikono yao na wakalitumia. Ndiyo sababu kazi haikuisha siku moja. Mtoto alianzwa, akaachwa apone, akarudiwa, na nembo ikakamilika akiwa amekwisha kuwa kijana. Maumivu hayakuwa madogo, nayo yalihesabiwa kuwa sehemu ya jambo lenyewe.

Wageni waliopita nchi hizi waliona na kuandika. Livingstone, alipokuwa akilifuata bonde la Ruvuma mwaka 1866, aliandika habari za chale za watu wa huko. Miaka 40 baadaye, mwaka 1906, alikuja Mjerumani Karl Weule, wa makumbusho ya Leipzig. Alitoka Lindi akafika Masasi, kisha akapanda uwandani akakaa Newala majuma kadhaa. Alipiga picha nyingi za nyuso na miili, na kitabu chake kilichotoka mwaka 1908 kina picha za mama zetu wa zamani wenye nembo na ndonya. (Ndonya, kile kipande cha mti cha mdomo wa juu, ni habari nyingine, hatutaiingiza hapa.) Kati ya mwaka 1957 na 1961, upande wa Msumbiji, Mreno Jorge Dias na mkewe Margot walikaa na Wamakonde wa Mueda, wakachora nembo zao moja moja kwa uangalifu mkubwa.

Mipango ilitofautiana. Wamakua wengi walijulikana kwa alama ya mwezi mwandamo katika paji la uso. Wamakonde walipenda pembe zinazofuatana na mistari iliyovunjika kama njia ya nyoka, usoni, na kwa wanawake tumboni na mgongoni pia. Wale wa ng'ambo, ambao zamani huku kwetu waliitwa Wamawia, walikuwa na nembo nyingi zaidi usoni kuliko ndugu zao wa Newala. Msomaji asiyewahi kuona uso wa namna hii na aangalie kinyago cha mapiko: wachongaji wa Kimakonde huzitia nembo katika uso wa kinyago, ama kwa kuzichonga katika mti, ama kwa kubandika nyuzi za nta ya nyuki. Mchongaji aliona kwamba uso usio na nembo haujawa uso wa mtu mzima.

Sasa tuje kwenye asili ya neno lenyewe.

Katika Kimakonde, nembo moja ni inembo, na zikiwa nyingi ni dinembo. Maana yake si alama ya mwili tu, bali pambo au umbo lililopangwa. Tayari hapo twapata fununu. Twende kwa majirani. Wayao, ambao wako wengi Masasi na Newala, husema kulemba kwa maana ya kuandika. Wanyanja wa upande wa Ziwa Nyasa nao husema kulemba, maana ni ile ile. Wamakua husema olepa, nayo ni kuandika vile vile. Mtu asiyejua atadhani olepa ni neno la mbali, lakini si mbali. Wamakua wana kawaida ya kutamka p pale ambapo makabila mengine hutamka mb: nyumba kwao ni enupa, na mvua, ambayo wengine huiita mbula, kwao ni epula. Basi lemba ya Myao na lepa ya Mmakua ni mtoto mmoja aliyelelewa katika nyumba mbili.

Na Kiswahili je? Kiswahili kina kuremba, yaani kupamba, na urembo, na mrembo. Herufi l na r katika lugha zetu hubadilishana nafasi daima. Mswahili husema -refu pale ambapo jirani zake wengi husema kwa l. Hivyo remba ni ndugu wa lemba, na ukoo wote huu una maana mbili zilizoshikamana: kutia alama na kupamba. Kutoka lemba likatoka jina nembo, kama vile kutoka pamba, yaani kutia mapambo, lilivyotoka pambo.

Liko jambo dogo la sarufi ambalo walimu watapenda kuliangalia. Kwa kawaida ya Kiswahili, neno lenye l au r mwanzoni likitanguliwa na n hutoa nd: ulimi huwa ndimi, na -refu huwa ndefu. Kama Waswahili wangaliliunda jina hili wenyewe kutoka remba, tungalitazamia liwe "ndembo." Lakini halikuwa hivyo, lilikuwa nembo. Kwa sababu hiyo rai yetu ni kwamba neno hili halikuzaliwa pwani, bali liliingia katika Kiswahili likiwa limekwisha kukamilika, kutoka kwa watu wa kusini, yaani watu wa ukoo wa Kiyao na Kimakonde. Nayo haishangazi. Misafara ya Wayao ilikuwa ikishuka Kilwa na pembe za ndovu tangu zamani, na mtu wa pwani aliyeona nyuso za wale wageni aliuliza jina la kitu kile, akajibiwa. Watu huchukua neno la mwenye kitu. Ndivyo tulivyochukua meza kwa Wareno na shule kwa Wadachi.

Tukisema kwamba neno la kuandika na neno la kuchanja nembo ni ukoo mmoja, wengine watadhani tunawapendelea wazee wetu. Basi na waende mbali kidogo, kwa Washona wa Zimbabwe. Hao husema kunyora kwa kuandika, na nyora ni chale za mwilini. Neno jingine kabisa, lakini fikira ni ile ile. Maana yake ni kwamba makabila haya yalipoletewa karatasi na wino hayakuwa na haja ya kutafuta neno jipya. Walimwona mtu akitia mistari midogo iliyopangwa, mwingine akiitazama na kujua habari. Wakasema, "Hii twaijua," wakaliita jambo lile kwa jina la nembo. Waswahili wa pwani walikwenda njia nyingine. Wao walichagua andika, ambalo asili yake ni kupanga vitu mahali pake, na hata leo husema kuandika meza wakiwa na maana ya kupanga vyombo vya chakula.

Hapa yatupasa kugusa masimulizi ambayo wasomaji wengi wameyasikia, na pengine kuyafundisha. Husemwa kwamba Wamakonde walijichanja nyuso ili wawe wabaya wa sura, wafanyabiashara wa watumwa wasiwatake. Tumeyasikia Masasi, tumeyasikia Dar es Salaam, nao wageni waliambiwa hayo hayo wakayaandika. Ni masimulizi yenye kupendeza kwa kuwa yatoa sababu upesi. Lakini twaona hayasimami.

Neno lenyewe layakataa. Mtu anayejiharibu sura hasemi kwamba anajiremba. Wala halipi fundi kwa miaka, wala hatafuti fundi mwenye mkono ulio sawa, wala hapimi mistari ya shavu la kulia ilingane na ya kushoto. Kujiharibu uso kwataka moto au jiwe tu, na kwa dakika moja kazi imekwisha. Tena umbo lile lile lililo usoni hutiwa katika kinyago ambacho watu wote hutoka kukiangalia ngomani. Ni nani atakayepamba kitu chake cha fahari kwa alama ya ubaya?

Zaidi ya hayo, nembo hazikumwokoa mtu. Mchoraji Mjerumani aitwaye Rugendas alikaa Brazili miaka ya 1822 hadi 1825, na katika michoro yake aliyoitoa baadaye mna nyuso za watu waliochukuliwa utumwani kutoka Msumbiji, zina chale waziwazi. Wenye merikebu waliwanunua vilevile. Twaweza kusema kinyume cha masimulizi: mtu aliyeuzwa mbali alinyang'anywa jina, akapewa jina jingine, akavikwa nguo nyingine, akafundishwa lugha nyingine, lakini nembo haikuweza kunyang'anywa. Aliyetoka kwao akikutana naye ng'ambo alimtambua kabla ya kusemezana.

Watu wa Masasi wana sababu ya kulifikiri jambo hili kuliko wengine. Mji wa misheni wa Masasi ulianzwa mwaka 1876 na Askofu Edward Steere, kwa watu waliookolewa utumwani na kuletwa kutoka Unguja, miaka mitatu baada ya soko la watumwa la huko kufungwa mwaka 1873. Wengi wa watu hao asili yao ilikuwa nchi hizi za kusini. Mwaka ule ule wa 1876 Steere alipigisha chapa Unguja kijitabu cha maneno ya Kimakonde. Tayari alikuwa amekwisha kutoa kimoja cha Kiyao mwaka 1871. Twapenda kufikiri kwamba waliomsaidia kuyakusanya maneno yale walikuwa wakimwandikia karatasini maneno ya watu ambao wengi wao walikuwa wamekwisha kuandikwa usoni.

Amma kwa nini nembo zilikoma, sababu ni nyingi, wala hazikuja siku moja. Misheni haikuzipenda. Waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya katani ya Tanga na Lindi walichekwa na watu wa huko, na Wamawia hasa walisingiziwa kila ukali kwa sababu ya nyuso zao na meno yao yaliyochongwa. Mzazi aliyechekwa hakutaka mtoto wake achekwe. Ng'ambo ya Ruvuma vita vya kuwatoa Wareno vilianza mwaka 1964, na vilianzia katika nchi ya Wamakonde. Baada ya uhuru wa Msumbiji mwaka 1975, serikali mpya ilizipinga mila nyingi za zamani, na mafundi wakaweka visu chini. Huku kwetu zilikuwa zimekwisha kupungua kabla ya hapo.

Hatuandiki haya ili watu warudie kisu. Wembe upitao kutoka mwili huu hadi mwili huu huleta pepopunda, homa ya ini na UKIMWI, na mtoto hana nguvu ya kukataa. Kazi ile imekwisha, na ni heri imekwisha. Lakini waliochanjwa hawajaisha. Wako vijijini, wengi wao ni akina bibi, na watoto huwacheka njiani, na wajukuu huona haya kupigwa picha pamoja nao. Hao ndio tunaowaandikia habari hizi.

Neno, kwa upande wake, halikufa na kazi yake. Lilitoka mwilini likatafuta mahali pengine pa kukaa. Watu wakaanza kuliita nembo lile umbo lililo juu ya bidhaa, kisha la kampuni, la chama, la shule, la timu ya mpira. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na baadaye ilipoungana na Zanzibar mwaka 1964, nchi ilitaka alama moja ya kutia katika hati zake zote, nayo ikaitwa Nembo ya Taifa. Wengine husema Ngao ya Taifa, na wengi kwa mzaha mzuri husema "Bibi na Bwana." Neno hilo lilifaa. Nembo ya kale ilisema, "Huyu ni wa watu fulani, nao wamjua." Nembo ya Taifa yasema hivyo hivyo juu ya karatasi.

Si neno hili peke yake lililofanya safari hiyo. Liangalieni neno kuchanja. Asili yake ni kupasua, kama kuchanja kuni, na kuchanja chale. Ilipokuja dawa ya ndui, ambayo mganga aliitia kwa kukwaruza ngozi ya mkono, watu wakasema, "Tumechanjwa," na kutoka hapo tukapata chanjo. Ndui yenyewe imekwisha duniani. Shirika la Afya Duniani lilitangaza hivyo mwaka 1980. Lakini neno limebaki, na leo hata tone la dawa linalotiwa mdomoni mwa mtoto mchanga huitwa chanjo, ijapokuwa hapana ngozi iliyopasuliwa.

Hapa twamrudia mwalimu wetu, maana yafaa tumpe njia ya kusema na darasa lake. Awaambie wanafunzi wapandishe mikono ya mashati yao hadi begani. Karibu kila mmoja atakuta alama ndogo ya mviringo. Ni ya chanjo ya kifua kikuu, waliyochanjwa wakiwa wachanga, wasijue wala wasiulizwe. Kisha awaulize wale waliocheka: alama yako wewe yaitwaje? Wataona kwamba na wao wamechanjwa na watu waliowatakia mema, na kwamba wameibeba alama hiyo miaka yote pasipo kuionea haya. Baada ya hayo aende nyumbani kwa yule mtoto, akamsalimu bibi, amwombe ruhusa kwa adabu, na bibi akikubali, darasa lije limsikilize aeleze mwenyewe ni nani aliyemchanja, lini, na kila mstari waitwaje kwa Kimakonde. Majina ya mipango hiyo yapotea upesi kuliko kitu kingine chochote katika habari hii. Kila bibi anayefariki huondoka nayo, na daftari la shule latosha kuyahifadhi.

Kwa makarani wenzetu twaomba jambo moja: pale penye nafasi ya alama za mtu, wasiandike kovu wasipokuwa wameona kovu.

Tuliahidi kueleza yaliyofuata katika habari ya fomu yetu. Tuliipeleka mjini, imeandikwa, "Nembo mashavuni na katika paji la uso." Baada ya majuma mawili ikarudi. Karani aliyeipokea, kijana msomi kuliko sisi, alikuwa amepiga mstari chini ya neno lile kwa kalamu nyekundu, na pembeni ameandika, "Nembo ya kampuni gani?"

Tulimwandikia kwamba si ya kampuni, ni ya usoni, nasi tukamwandikia na maana ya neno kwa maneno machache kuliko haya. Hakutujibu, lakini fomu ilikubaliwa.